Yai mezani, ndege kwenye turubai: wimbo wa Paul Simon na ndoa ya mchoraji Magritte

Jioni moja nilimpa lifti kijana wa mtaani kwetu, mmoja wa wale wanaosikiliza muziki wa kila namna. Kwenye gari ulikuwa unapiga wimbo wa taratibu wa mwanamuziki wa Marekani, Paul Simon, wenye jina refu kama anwani ya posta: "René and Georgette Magritte with Their Dog after the War", yaani René na Georgette Magritte na mbwa wao baada ya vita. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Anko, kwa hiyo yule mchoraji wa Ubelgiji alihamia Marekani akawa shabiki wa vikundi vya Wamarekani weusi?"

Swali halikuwa la kijinga. Ukiusikiliza wimbo wenyewe, hivyo ndivyo unavyoelekea kusema. Unamtaja mchoraji wa kweli, mke wa kweli, mtaa wa kweli wa New York na vikundi vinne vya kweli vya waimbaji. Msimulizi akishakupa majina yote hayo, na wewe ukayathibitisha moja baada ya jingine, anachokuongezea juu yake unakimeza bila kutafuna. Ndiyo maana tangu ulipotoka mwaka 1983 wapo wanaouchukua wimbo huu kama historia, na wapo wanaoutupa kando kwamba ni maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mimi naona makundi yote mawili yanapishana na wimbo wenyewe njiani. Ili tuelewane, inabidi tufungue mafundo matatu: baladi ni nini, Magritte alikuwa nani, na muziki ule wa sauti uliotajwa ulitoka wapi.

Neno baladi lina maana mbili, na mkanganyiko wa kwanza unaanzia hapo. Zamani, hasa Uingereza na Uskoti, baladi ilikuwa shairi la kusimulia linaloimbwa: mtu kauawa, meli imezama, binti katoroka na mpenzi wake. Kwa kulinganisha, tufikirie tenzi zetu zilizosimulia vita na safari, ila zile za kwao zilikuwa fupi zaidi na zilikaa midomoni mwa watu wa kawaida. Karne ya 20 maana ikahama. Kwa wanamuziki wa Marekani baladi ikawa wimbo wowote wa mapenzi wa mwendo wa pole, ule ambao ukumbini ukianza watu wanaacha kurukaruka na kutafuta wenza wao. Wimbo huu wa Simon ni baladi kwa maana zote mbili. Unakwenda polepole, na unasimulia. Tatizo ni kwamba anayezoea maana ya kusimulia hutegemea tukio, na hapa tukio ni dogo mno: mume na mke wanarudi hotelini, wanavua nguo za mtoko, wanacheza muziki kwenye mwanga wa mwezi. Ubeti mwingine wanatembea Christopher Street, wanasimama kwenye duka la nguo za kiume, na sanamu za kuvalishia nguo zinayatoa machozi macho yao, ambayo wimbo unayaita ya wahamiaji. Wanalala, miaka inapita, wanaamka na kukuta vitu vyao vimesukana. Mwisho wanakula chakula cha jioni na wakubwa. Kila ubeti unafikia palepale, kwenye majina ya vikundi vinne: Penguins, Moonglows, Orioles na Five Satins.

Mbwa? Yumo kwenye jina na kwenye mstari unaofungulia beti, na hafanyi lolote. Hata kubweka habweki.

Sasa Magritte. René Magritte alizaliwa mwaka 1898 Lessines, Ubelgiji, na kufariki Brussels mwaka 1967. Alikuwa msurealisti, neno ambalo siku hizi linatumiwa vibaya, kana kwamba ni jina jingine la wehu. Usurealisti ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1924, na mshairi wa Ufaransa, André Breton, ndiye aliyeuandikia ilani. Wazo lake kwa ufupi: akili ya mchana inaona sehemu tu ya maisha, hivyo msanii aruhusu mantiki ya ndoto iingie kazini. Wengine walichora ndoto kwa fujo za ndoto. Magritte alifanya kinyume. Alichora vitu vya kawaida kabisa, tufaha, kofia, kiko, mlango, tena kwa usafi wa mchora mabango ya matangazo (kazi ambayo kweli aliifanya ili apate mkate), halafu akaviweka mahali visipopaswa kuwa.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kumwelewa mtu huyu, nayo ni kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Kila neno ni la kawaida: nyumba tunaijua, mlango tunaujua. Kinachotushtua ni namna yalivyounganishwa. Tofauti ni kwamba kwetu anayetega hatimaye hupewa mji na kutoa jibu, yai. Magritte hutega, akachukua mji, akaondoka nao.

Na yai lenyewe analo. Mwaka 1936 alichora picha yake mwenyewe akiwa kazini. Ameketi mbele ya turubai, kavaa suti, mkono mmoja una ubao wa rangi, mwingine brashi. Anatazama yai lililoko mezani. Lakini anachokichora kwenye turubai ni ndege mzima, mabawa wazi. Hajakosea, ila hachori kilichoko mbele yake. Anachora kinachoweza kutoka humo. Naomba uishike picha hiyo, tutaihitaji tukirudi kwa Paul Simon.

Ndoa yenyewe ilikuwaje? Hapa kuna hadithi tamu inayorudiwa mno kwamba walikuwa njiwa wawili maisha yao yote. Mwanzo wake ni wa kupendeza kweli. Mwaka 1913, kwenye maonyesho ya burudani mjini Charleroi, mvulana wa miaka 14 alikutana na Georgette Berger, binti wa muuza nyama. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama yake René alikuwa amejitosa mtoni akafa. Vita ya Kwanza ikawatenganisha vijana hao. Mwaka 1920 wakakutana tena kwa bahati kwenye bustani ya mimea Brussels, na Juni 1922 wakafunga ndoa. Tangu hapo sura na mwili wa Georgette ndivyo vilivyojaa kwenye michoro ya mumewe.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha René alikuwa mume wa namna gani. Waliishi karibu na Paris kuanzia 1927, miongoni mwa akina Breton. Siku moja mwishoni mwa 1929, kwenye kikao cha marafiki, Breton, aliyelichukia kanisa, alimtaka Georgette avue msalaba aliouvaa shingoni, urithi kutoka kwa bibi yake. Georgette hakuvua. Akanyanyuka, na mumewe akanyanyuka naye, wakatoka. Kwa mchoraji kijana, kumpa kisogo Breton ilikuwa kama mwanasiasa kumkatia simu mwenyekiti wa chama. Mwaka uliofuata walirudi Brussels, wakapanga sehemu ya chini ya nyumba namba 135 mtaa wa Esseghem, kitongoji cha Jette, wakakaa hapo mpaka 1954. Leo ni makumbusho. Magritte hakuwa na studio kubwa yenye madirisha ya kioo; alichorea kwenye chumba cha kulia, hatua chache kutoka jikoni.

Lakini njiwa hawakuwa. Miaka ya mwisho ya 1930 René aliangukia kwa msanii wa Uingereza, Sheila Legge. Ili Georgette asikae mpweke na kuanza kuuliza maswali, alimwomba rafiki yake mshairi, Paul Colinet, awe anampitia kumchangamsha. Waswahili tungemwambia mapema kwamba fisi hapewi bucha kulinda, tena huyu alioa kwenye familia ya wauza nyama, alipaswa kujua. Georgette na Colinet wakapendana. Mei 1940 Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, Magritte alikimbilia kusini mwa Ufaransa, Georgette akabaki. Baada ya miezi kama mitatu alirudi Brussels, na wawili hao wakaokota vipande vya nyumba yao na kuendelea. Waliishi pamoja miaka 27 mingine, na mbwa wadogo wa manyoya mengi aina ya Pomerania, mmoja akifa akichukuliwa mwingine. Kwetu wengi mbwa analala nje na kazi yake ni getini. Kwa akina Magritte alikaa kwenye kochi na kupigwa picha za familia.

Kwa hiyo maneno "baada ya vita", yakisomwa na anayeijua ndoa hii, yana vita mbili ndani yake: ile ya Wajerumani, na ile ya sebuleni. Sidai kwamba Simon alikusudia yote mawili. Nasema tu kwamba maneno yanaubeba mzigo huo bila kulalamika.

Tuje kwenye fundo la tatu, ambalo mimi ndilo ninalolipenda zaidi. Muziki unaotajwa kwenye wimbo unaitwa duwopu. Jina hilo limetokana na milio isiyo na maana waliyokuwa wakiimba waitikiaji nyuma ya kiongozi, du-wop, du-wop, kama vile sisi tungeuita muziki fulani "la-la-la". Watu hudhani waimbaji wenyewe ndio waliojiita hivyo. Sivyo. Jina lilienea miaka ya 1960 mwanzoni, wakati muziki wenyewe umeshaanza kufifia. Kwa vijana waliouimba, ilikuwa kuimba kikundi tu.

Ukitaka kuuelewa, ingia kwenye mazoezi ya kwaya yoyote ya kanisani. Kuna sauti ya juu, kuna tenori, kuna besi, na kila mmoja anajua njia yake. Sasa toa kinanda, toa mwalimu wa kwaya, toa wasichana wengi, baki na vijana wanne au watano wa kiume. Mmoja anaongoza kwa kubembeleza. Mwingine anapaa juu kwa sauti ya kike. Wawili wanashona katikati. Wa besi anafanya kazi ya gitaa la besi kwa mdomo: bom, bom, bom. Badala ya kumwimbia Mungu, wanamwimbia msichana wa ghorofa ya tatu. Mara nyingi wimbo wote unazunguka juu ya kodi nne zilezile (za gitaa, si za serikali): C, A ndogo, F, G, kisha unarudi mwanzo. Anayepiga gitaa ajaribu, ataujua mara moja.

Vijana hao walikuwa hasa weusi wa miji mikubwa, Harlem, Baltimore, Philadelphia, Los Angeles, wengi wao hawana fedha za ala. Walifanyia mazoezi kwenye pembe za barabara, kwenye ngazi za majengo na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Ngazi na vituo havikuchaguliwa bure. Yeyote aliyewahi kuimba bafuni anajua kuta ngumu zinavyoirudisha sauti ikiwa nono kuliko ilivyotoka.

Orioles walitoka Baltimore na walianza kurekodi mwaka 1948. Jina lao ni la ndege wa rangi ya chungwa na nyeusi, ndege wa jimbo la Maryland. Penguins, wa Los Angeles, walitoa "Earth Angel" mwaka 1954. Jina lao walilichukua kwenye pakiti ya sigara iliyokuwa na picha ya pengwini. Mwaka huohuo Moonglows, walioanzia Cleveland, wakatoa "Sincerely". Five Satins walirekodi wimbo wao mkubwa mwaka 1956 kwenye chumba cha chini cha kanisa mjini New Haven, na kiongozi wao Fred Parris alikuwa ameutunga akiwa mwanajeshi, usiku, zamu ya ulinzi.

Ukiziweka tarehe hizo kando ya jina la wimbo, jambo moja linajitokeza. Vita iliisha 1945. Siku ile amani ilipotangazwa hakuna hata kimoja kati ya vikundi hivyo kilichokuwa na sahani ya santuri. Na akina Magritte hawakuhamia Marekani kamwe. René alifika huko kwa mara ya kwanza Desemba 1965, akiwa na miaka 67, maonyesho makubwa ya kazi zake yalipofunguliwa kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa New York. Alikuwa mgeni wa heshima, si mhamiaji anayelia dukani. Upande wa muziki, uhusiano wake unaojulikana ni wa aina nyingine kabisa: mdogo wake Paul alikuwa mtunzi wa nyimbo, na René mwenyewe miaka ya 1920 alichora majalada ya karatasi za muziki wa densi wa Ubelgiji.

Basi yote haya yalitoka wapi? Kutoka kwenye picha. Simon aliikuta ndani ya kitabu picha ya mchoraji, mkewe na mbwa, iliyopigwa na Mjerumani Lothar Wolleh, na maneno ya chini ya picha yakamnasa. Wolleh alizaliwa 1930, vita ilipoisha alikuwa mvulana wa miaka 15, kwa hiyo hata hiyo "baada ya vita" ni baada ya miaka mingi sana. Lakini mtunzi hakuwa anatafuta tarehe. Alikuwa na picha ya watu wasiojulikana wanawaza nini, na akaanza kujaza.

Alijaza kwa vitu vyake mwenyewe. Paul Simon alizaliwa 1941 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Hungaria na kukulia Queens, New York. Hao wenye macho ya uhamiaji ni ukoo wake, si wa Georgette. Mwaka 1954, Simon akikaribia miaka 13, mtangazaji Alan Freed alianza kupiga muziki wa weusi kwenye redio ya New York, na kijana yule alikuwa upande wa pili wa mawimbi. Mwaka 1957 yeye na mwenzake wa shule, Art Garfunkel, walitoa santuri yao ya kwanza kwa jina la Tom & Jerry. Vikundi vinne vya kwenye wimbo ni redio ya ujana wake. Ni zilipendwa zake.

Neno hilo zilipendwa linafanya kazi ambayo maelezo marefu hayaifanyi. Hatusemi nyimbo za zamani tu. Tunasema zilizowahi kupendwa, na anayelisema anajikiri kuwa alikuwepo. Mtu mzima mwenye cheo anakaa mezani na wakubwa wenzake, anazungumzia bajeti, na kumbe rohoni kuna wimbo wa mwaka fulani ambao ukipigwa sasa hivi atasahau alikuwa anasema nini. Huo ndio ubeti wa mwisho wa Simon: droo inafunguliwa, na ndani yake wamo Penguins.

Lakini kwa nini muziki huo kwenye wimbo unaitwa uliokatazwa? Hapa wengi hudhani ni mbwembwe za kishairi. Si mbwembwe. Hadi 1949 jarida la muziki la Billboard liliuorodhesha muziki wa weusi chini ya kichwa "rekodi za mbari". Redio nyingi za wazungu hazikuupiga. Wimbo wa weusi ukianza kuchemka, kampuni ililiita kundi la wazungu kuuimba upya: "Earth Angel" ya Penguins ikarudiwa na Crew-Cuts wa Kanada, "Sincerely" ya Moonglows ikarudiwa na McGuire Sisters, na marudio yote mawili yakapanda juu kuliko za wenyewe kwenye chati kuu ya mwaka 1955. Kijana mzungu wa Queens aliyezitaka za asili alikuwa anavuka mstari, hata kama mstari wenyewe ulikuwa tu kitasa cha redio usiku wazazi wamelala.

Sasa turudi kwenye yai. Simon alitazama picha ya wazee wawili na mbwa, akachora ndege. Tena ndege kwelikweli: Penguins, Orioles. Ukimwambia huu si ukweli kuhusu Magritte, unakuwa kama mtu anayesimama nyuma ya mchoraji yule mwenye suti na kumgusa bega: samahani, mezani ni yai. Mchoraji analiona.

Mwaka ule wa 1983 Simon alikuwa na sababu zake za kuwaza ndoa inayodumu. Agosti alimwoa mwigizaji Carrie Fisher; mwaka uliofuata wakatalikiana. Albamu yenyewe, Hearts and Bones, ilikusudiwa iwe ya kurudiana na Garfunkel, na Simon akaishia kuzifuta sauti za mwenzake. Haikuuza. Baada ya pigo hilo ndipo alipokwenda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi, na kukutana na Ladysmith Black Mambazo, wanaume waimbao bila ala, kiongozi juu na besi chini. Mtoto wa duwopu hakuhitaji mkalimani. Njia hiyo ilikuwa imeshapitwa kutoka upande wa pili: "Mbube" ya Solomon Linda, iliyorekodiwa huko Afrika Kusini mwaka 1939, ndiyo iliyogeuzwa na vijana wa duwopu wa Brooklyn, Tokens, mwaka 1961, na wengi wetu tunaijua kwa habari ya simba aliyelala.

Kijana wangu alipewa jibu hili kwa vipande, kati ya foleni moja na nyingine. Mwishoni akauliza kama basi hakuna kitu hata kimoja cha kweli mle ndani ukiacha majina. Nikamrudishia wimbo mwanzo na kumwambia asisikilize maneno, asikilize wanaoitikia nyuma. Hao ni Harptones, kikundi cha Harlem cha tangu 1953, waliitwa studio miaka thelathini baadaye kuja kuimba. Vikundi vinne vinatajwa na haviimbi. Wao wanaimba na hawatajwi.

"Rudisha tena," akasema, na tulikuwa tumeshafika kwao.